Kompyuta Bubu na Utamaduni wa Kupiga Window

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Kompyuta zilizokuwa zikiutumia hazikuzimika siku ile. Ziliendelea kuwaka, kuchapa barua na kufungua barua pepe kama jana yake. Kilichokoma ni marekebisho ya bure ya usalama, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza wa muda mfupi. Mrithi wake, Windows 11, anadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni, masharti ambayo mashine nyingi zilizomo katika ofisi zetu, maktaba zetu na mabweni ya wanafunzi wetu haziyatimizi. Kwa hiyo swali lililokuwa la wapenzi wachache wa teknolojia limekuwa swali la umma: tununue mashine mpya, tubaki na mashine zisizolindwa, au tuhamie kwenye mifumo huria ya jamii ya Linux, kama vile Ubuntu, Debian au Mint, ambayo haidai ada ya leseni na ambayo bado inafanya kazi vizuri katika kompyuta iliyotengenezwa mwaka 2012?

Mimi ni muumini wa njia ya tatu, na sitarudia hapa hoja za kawaida za kuitetea. Leo nataka kuzungumzia jambo linaloonekana dogo mno kwa mtu anayejishughulisha na siasa na jamii, nalo ni sauti. Kwa jinsi nilivyowatazama wanafunzi na watumishi wa umma wakihamia mifumo huria, safari zao haziuawi na bei, wala na ugumu wa kuandika waraka. Zinauawa asubuhi ya pili, mtu anapofungua video ya mhadhara, akaona picha inatembea na midomo inachezacheza, na kompyuta kimya kama kaburi. Anabofya hapa na pale kwa dakika kumi. Kisha anaipeleka kwa fundi, na fundi anatamka hukumu ambayo kila mwenye kompyuta nchini ameisikia walau mara moja: "Hii tupige window tu."

Tuitafakari kauli hiyo, maana imebeba falsafa nzima. Ni hukumu isiyotanguliwa na upelelezi. Haiulizi kilichoharibika, wala kilianza lini, wala kama kimeharibika kweli. Inafuta kila kitu na kuanza upya, na mteja analipa. Wiki mbili baadaye tatizo likirudi, anapigiwa window nyingine. Sidhani kama tabia hii imeanzia kwa mafundi wa kompyuta. Pampu ya kisima cha kijiji ikisimama, tunaandika andiko la mradi mpya wa maji. Mtaala ukilalamikiwa, tunaandika mtaala mwingine kabla hatujaeleza ule wa kwanza ulikwama wapi. Fundi wa Kariakoo amejifunza kwetu sisi wasomi na watunga sera, tusimcheke.

Kompyuta ya Linux iliyokosa sauti ni mahali pazuri pa kujifunzia desturi iliyo kinyume cha hiyo, kwa sababu kila hatua ambayo sauti inapita inaweza kuonwa na kukaguliwa na mtu yeyote mwenye subira. Sauti ndani ya mashine husafiri kama maji ya bomba. Chanzo ni programu unayoitumia, tuseme Firefox. Kutoka hapo sauti humfikia mgawaji, ambaye katika mifumo ya leo huitwa PipeWire. Kazi yake ni kuchanganya sauti za programu mbalimbali na kuamua zielekezwe wapi. Mgawaji huzikabidhi kwa ALSA, sehemu iliyomo ndani ya kiini cha mfumo endeshi, ambayo ndiyo inayozungumza na vifaa vyenyewe. ALSA nayo inahitaji draiva inayoielewa chipu ya sauti ya mashine hiyo, na chipu nyingi za sasa zina programu yao ndogo ya ndani, fimuwea, ambayo lazima ipakiwe kila mashine inapowaka. Mwisho kabisa zipo nyaya, tundu la hedifoni na spika. (Nikisema spika simaanishi mheshimiwa yule wa Bungeni, ingawa naye, tukisema kweli, ana uwezo wa kuzima maikrofoni.)

Nyumba ikikosa maji hatuibomoi. Tunafungua bomba la jikoni na la bafuni, tunapanda kulitazama tangi, tunaiangalia mita, tunamuuliza jirani kama kwake yanatoka. Kwa kompyuta swali la jirani ndilo hili: imenyamaza programu moja au mashine nzima? Kivinjari kinaweza kunyamazisha ukurasa mmoja tu huku kicheza muziki kikiimba bila shida. Kama mashine nzima imenyamaza, fungua Mipangilio, uingie sehemu ya Sauti, utazame sauti imeelekezwa wapi. Hapa ndipo ninapokutana na kisa kinachojirudia kuliko vyote. Waya wa HDMI hubeba picha na sauti pamoja. Mwalimu anapoiunganisha kompyuta yake na projekta ya ukumbini, mfumo unaweza kuamua kwamba sauti nayo iende kwenye projekta. Projekta ile ama haina spika, ama spika yake imezimwa tangu siku iliyofungwa darini. Ukumbi wa watu mia tatu unasubiri, na sauti inamwagwa mahali ambapo hakuna wa kuisikia. Tiba ni kuchagua spika za ndani katika orodha, basi.

Ikiwa mwelekeo ni sahihi na kimya kinaendelea, fungua teminali uandike alsamixer. Najua watu wetu wanaliogopa dirisha jeusi la maandishi, wakidhani ni la wadukuzi. Hili halina cha kutisha. Ni ubao wenye nguzo za sauti, kama ule wa fundi mitambo kanisani au kwenye bendi. Bonyeza F6 uchague kadi halisi ya sauti, kwa kuwa skrini ya kwanza mara nyingi huonyesha mgawaji tu na kuificha chipu yenyewe. Zitajitokeza nguzo zenye majina kama Master, Headphone, Speaker na PCM. Chini ya nguzo ukiona herufi MM, njia hiyo imenyamazishwa. Bonyeza herufi M nazo zitageuka kuwa OO, maana yake njia imefunguliwa. Ipo pia swichi iitwayo Auto-Mute Mode, ambayo huzima spika pale mfumo unapoamini kwamba hedifoni imechomekwa. Tundu likiingia vumbi au likilegea, mfumo huendelea kuamini hedifoni isiyokuwepo, na spika hubaki kimya hata mwaka mzima huku mwenye mashine akilaumu Linux. Ukiizima swichi hiyo, tatizo limekwisha, au walau umeshajua kwamba tatizo ni tundu.

Tatizo likiwa la kina zaidi, amri aplay -l itaorodhesha kadi zote za sauti ambazo kiini kinazijua. Jibu lake linaigawa kazi katika sehemu mbili. Kadi ikionekana, ujue draiva ipo na kosa liko juu yake, kwa mgawaji au katika mipangilio. Hapo amri wpctl status itakuonyesha mgawaji anaona nini, na kinyota kitakachotangulia jina la kifaa ndicho alama ya njia anayoitumia. Mgawaji akiwa amepotewa, huanzishwa upya kwa amri systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse. Iandike bila neno sudo mbele yake: huduma hii ni ya mtumiaji mwenyewe, haihitaji mamlaka ya juu. Wapo wanaodhani kila jambo likishindikana litatatuliwa kwa kupandisha madaraka, na wanaongeza sudo palepale ambapo inaharibu. Kisha ipime njia kwa amri speaker-test -c 2 -t wav. Ikiwa njia ni nzima, utasikia sauti ya kike ikitaja kwa Kiingereza spika ya kushoto na ya kulia kwa zamu, hadi uisimamishe kwa Ctrl na C.

Kadi isipoonekana kabisa, katika mipangilio utakuta maneno Dummy Output. Maana yake ni kwamba mgawaji, kwa kukosa kifaa cha kweli, amejitengenezea kifaa cha uongo ili programu zisianguke. Zinaendelea kupiga muziki kwa furaha na hakuna anayesikia. (Msomaji wa masuala ya utawala atakuwa amekumbuka kamati kadhaa.) Sasa mwulize kiini: amri lspci -k itataja chipu ya sauti na draiva inayoitumikia, na amri sudo dmesg itatoa kumbukumbu za kiini tangu mashine ilipowaka. Tafuta humo mistari yenye snd au sof. Mara nyingi utakuta kiini kinasema waziwazi, na kwa jina la faili, ni fimuwea gani kimeikosa. Katika Debian, kwa kompyuta mpakato nyingi za Intel za tangu mwaka 2018 hivi, kifurushi kinachokosekana huitwa firmware-sof-signed. Kinasakinishwa, mashine inawashwa upya, sauti inarudi. Wakati mwingine chipu ni mpya kuliko kiini chenyewe, na dawa ni kusakinisha kiini cha karibuni zaidi. Na katika baadhi ya mashine zenye Windows na Linux kwa pamoja, ile hali ya Windows ya kujizima nusu ili iwake haraka huiacha chipu ya sauti katika hali ambayo Linux haiwezi kuiamsha. Izime kabisa.

Nimeeleza kwa urefu kwa makusudi. Nilitaka ionekane kwamba kila hatua ina swali, kila swali lina amri, na kila amri ina jibu. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wa sosholojia anaweza kuifuata njia hii. Kama hataki teminali, awashe mashine kwa flashi yenye Linux bila kusakinisha chochote: sauti ikitoka huko, kifaa ni kizima na kosa liko katika mipangilio yake, isipotoka, kosa ni la draiva au la kifaa. Kwa jaribio hilo moja ameondoa nusu ya washukiwa. Na ikithibitika kwamba chipu imekufa, kadi ndogo ya sauti ya USB inayochomekwa pembeni huifanya mashine izungumze tena bila draiva ya ziada, maana vifaa hivyo vingi hufuata kanuni moja inayojulikana na kiini.

Hayo ndiyo mazuri. Sasa niwaseme na wenzangu wa kambi ya programu huria, maana tuna tabia ya kujitetea kupita kiasi. Mtumiaji anayelalamika kwamba sauti katika Linux ni tabu hajazua. Miaka ya mwanzo ya 1990 ulikuwepo mfumo wa OSS, kazi ya Mfini Hannu Savolainen. Baadaye maendeleo yake yalihamia katika bidhaa ya kibiashara iliyofungwa, na jumuiya ya Linux ikageukia ALSA, iliyoanzishwa na Mcheki Jaroslav Kysela mwaka 1998 na kuwa mfumo rasmi wa kiini toleo la 2.6 mwishoni mwa 2003. OSS ilipofunguliwa tena mwaka 2007, watu walikuwa wamekwisha kuhama. Mwaka 2004 akaja Lennart Poettering na mgawaji ambaye baadaye aliitwa PulseAudio. Ubuntu ilimpokea katika toleo la 8.04 la Aprili 2008, kabla hajakomaa, na kwa miaka kadhaa ushauri uliosambaa kuliko wote ulikuwa ni kumwondoa. Kisha Wim Taymans akaleta PipeWire. Fedora iliichukua mwaka 2021, Ubuntu mwishoni mwa 2022. Kila badiliko lilikuwa na sababu nzuri ya kiufundi, na PipeWire kwa kweli ni bora kuliko yote yaliyotangulia. Lakini mtu aliyejifunza kutengeneza sauti mwaka 2006 alilazimika kujifunza upya mara mbili, na maelekezo ya zamani yamebaki yametapakaa kila mahali yakimpoteza anayeanza leo. Anayeambiwa na swahiba wake aandike pulseaudio -k kwenye mfumo wenye PipeWire anaponya mgonjwa aliyekwisha kuondoka wodini.

Hata uhuru wenyewe una mpaka, na mpaka huo uko palepale kwenye chipu. Mradi wa Sound Open Firmware, ulioanzishwa na Intel na kutangazwa mwaka 2018 chini ya mwavuli wa Linux Foundation, umeweka hadharani msimbo wa fimuwea ya sauti. Yeyote anaweza kuusoma. Lakini katika kompyuta mpakato nyingi zinazouzwa madukani, chipu hukubali tu fimuwea iliyotiwa saini kwa ufunguo wa Intel. Ndiyo maana kifurushi nilichokitaja kina neno signed katika jina lake. Unaweza kuisoma sheria, huwezi kuibadilisha na kuitumia katika mashine uliyoinunua kwa fedha zako. Wanaofuatilia mijadala ya haki ya kutengeneza vifaa, kuanzia simu hadi matrekta, watautambua mtindo huu mara moja. Debian, ambao kwa miaka mingi walikataa kuweka fimuwea isiyo huria katika kisakinishi chao rasmi, walipiga kura mwaka 2022 kuiruhusu, na toleo la 12 la Juni 2023 likatoka nayo. Wapo waliowaita wasaliti. Mimi naona walipiga kura sahihi: kisakinishi safi kiitikadi ambacho kinamwacha mkulima, mwalimu au nesi na mashine bubu hakimkomboi yeyote.

Tukumbuke pia chimbuko la harakati hizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika maabara ya chuo cha MIT nchini Marekani, Richard Stallman alitaka kurekebisha programu ya printa ya Xerox iliyokuwa ikikwama, na akanyimwa msimbo wake kwa sababu ya mkataba wa usiri. Mwaka 1983 alitangaza mradi wa GNU. Harakati yote ya programu huria ina mzizi katika kero ya ofisini ya kiwango kilekile cha spika isiyolia. Anayesema mambo haya ni madogo mno kwa siasa hajui siasa huanzia wapi.

Kuna watu ambao kwao kimya cha kompyuta ni zaidi ya kero. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, asiyeona, alifika ofisini kwangu majira ya mitihani. "Dokta, kompyuta yangu imekuwa bubu, na mimi ikinyamaza ndiyo imezimika," alisema. Alikuwa akitumia Linux na programu ya Orca, inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini. Kwa mwenye macho, sauti ikikatika amepoteza muziki. Kwake yeye, sauti ikikatika imekatika skrini, imekatika kibodi kwa namna fulani, zimekatika noti zake zote za muhula. Na ona mtego uliopo: ili arudishe sauti anahitaji kuiona menyu ya Mipangilio, na ili aione menyu anahitaji sauti. Fundi wa jirani na bweni lake alikuwa amekwisha kumwambia, "Dada, tupige window, kesho uchukue," bila kumwuliza faili zake ziko wapi. Tulipoikagua, sauti ilikuwa imeelekezwa HDMI. Siku iliyotangulia mashine ilikuwa imeunganishwa na skrini ya maktaba, nayo haikurejea kwenye spika zake ilipochomolewa. Kazi ya sekunde tano kwa anayeona. Kwake ilikuwa siku moja na nusu ya kusoma iliyopotea.

Niwe mkweli kwa Windows vilevile: huko nako ipo NVDA, programu nzuri ya kusomea skrini, nayo ni huria na ya bure. Na huko nako sauti hupotea. Tofauti ni kwamba upande wetu mtego huo unaweza kuteguliwa mapema na mtu mmoja mwenye nia. Tulimtengenezea faili dogo la amri, likafungwa kwenye kitufe cha mkato: linaanzisha upya mgawaji wa sauti, kisha linafungua njia kwa wpctl set-mute @DEFAULT_AUDIO_SINK@ 0, na kupandisha sauti kwa wpctl set-volume @DEFAULT_AUDIO_SINK@ 60%. Kwanza anachomoa waya wowote wa nje, halafu anabonyeza kitufe, halafu Super, Alt na S kuiamsha Orca. Wenye mifumo hii walikwisha kulifikiria jambo hili mahali pengine: kisakinishi cha Debian humruhusu asiyeona kubonyeza herufi s kisha Enter mwanzoni kabisa, na usakinishaji wote ukasomwa kwa sauti, mashine ikiwa na kadi za sauti zaidi ya moja, hujaribiwa moja baada ya nyingine hadi mtu abonyeze Enter pale anaposikia. Huo ndio usanifu unaoanza na mtumiaji. Hata Kiswahili kimo: eSpeak, sauti ya mashine inayotumiwa sana na Orca, husoma Kiswahili, ingawa kwa lafudhi ambayo wanafunzi wangu wanaiita ya mgeni aliyekunywa maji ya betri.

Na kuhusu lugha, tuna deni. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Miongo miwili baadaye mtumishi wa halmashauri bado anaambiwa Dummy Output, naye anadhani ametukanwa. Idara zetu za Kiswahili zinapokea kila mwaka wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada katika tafsiri na istilahi. Ujumbe wa makosa wa mifumo hii uko wazi kutafsiriwa na yeyote, bila kibali cha kampuni. Tasnifu moja inayotafsiri na kuwajaribia watumiaji halisi ujumbe mia mbili wa namna hiyo ingekuwa na wasomaji wengi kuliko tasnifu kumi za kulinganisha kamusi.

Serikalini hoja ninayokutana nayo ni kwamba programu huria hazina wa kumpigia simu. Ni hoja nzito kuliko wanaharakati wanavyokubali. Mji wa München nchini Ujerumani uliamua kuhamia Linux mwaka 2003, ukamaliza mwaka 2013, na mwaka 2017 baraza lake likaamua kurudi Windows. Hata hivyo, Jandameri ya Ufaransa inaendelea na mfumo wake uliojengwa juu ya Ubuntu tangu mwishoni mwa muongo wa 2000, na jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani hiyohiyo, lilitangaza mwaka 2024 kwamba linahamia LibreOffice na Linux. Usomaji wangu ni kwamba uhamaji hudumu pale taasisi inapoajiri na kuwalinda watu wa kuutunza. Fedha iliyokuwa ya leseni inatakiwa iwe mishahara na mafunzo. Halmashauri inayoziweka mashine zake Linux ili "kubana matumizi", kisha isimfundishe hata afisa TEHAMA mmoja, imejitafutia mashine bubu, na mwaka utakaofuata itaagiza zipigwe window zote kwa mkupuo.

Lakini hata mafunzo hayatasaidia ikiwa tunanunua vifaa kwa kufumba macho. Vipimo vya zabuni zetu hutaja ukubwa wa RAM, ukubwa wa diski na aina ya prosesa, na huishia hapo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu tuliuridhia mwaka 2009, na ibara yake ya 9 inazungumzia ufikivu wa teknolojia ya habari na mawasiliano. Sheria ya Ununuzi wa Umma ni mpya, ya mwaka 2023, na maafisa masuuli bado wanazoea taratibu zake. Ni wakati mwafaka wa kuongeza mstari. Napendekeza usomeke hivi: kabla ya kupokelewa, kila modeli ya kompyuta iwashwe kwa flashi yenye toleo la sasa la mfumo endeshi huria, na mbele ya kamati ya ukaguzi na mapokezi ithibitike kwamba spika, maikrofoni, tundu la hedifoni na sauti ya HDMI vinafanya kazi, na kwamba sauti inarejea kwenye spika waya unapochomolewa; modeli itakayoshindwa irudishwe kwa mzabuni kwa gharama zake. Kwa modeli moja zoezi hilo huchukua dakika kumi. Na miongoni mwa wajumbe wa kamati hiyo awemo mtumishi mmoja asiyeona, mwenye kura kama wengine.